Wanangu Hawana Ratiba, Wilaya Inataka Tathmini

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Kwetu Tanga, lakini kwa sasa tunaishi Lancaster, Pennsylvania, mimi na mume wangu. Kifungua mimba wetu ni binti, ametimiza miaka 13 kipindi hiki cha baridi, na kwa hesabu za shule yuko darasa la 7. Anayemfuata ni mvulana wa miaka 9, darasa la 3. Kitinda mimba ni msichana. Alitimiza miaka 6 mwezi wa saba mwaka jana na hajawahi kuandikishwa shule yoyote.

Wale wakubwa niliwatoa shuleni mwaka jana. Mvulana kila Jumatatu asubuhi alikuwa anashikwa na tumbo, daktari akimpima haoni kitu. Dada yake hakuumwa, ila alinyamaza. Mtoto aliyekuwa akiniuliza maswali mpaka nakimbilia jikoni, akawa akirudi anakula, anaingia chumbani, basi. Nikapeleka hati za kiapo za kuwasomesha nyumbani kwenye ofisi ya elimu ya wilaya kabla ya tarehe 1 Agosti kama wanavyotaka, nikaambatanisha orodha ya malengo niliyonakili kwa mama mwingine. Wilaya ikazipokea bila neno.

Mwanzo nilifungua shule sebuleni. Saa mbili asubuhi mezani: hesabu, Kiingereza, sayansi, na simu ikilia kama kengele. Tukawa tunagombana kila siku. Ndipo nikapata habari za wazazi wanaomwacha mtoto ajifunze kwa kufuata hamu yake mwenyewe, hakuna mtaala wala ratiba, mzazi akawa msaidizi tu. Nikaachia. Na Mwalimu, wanangu wamerudi kuwa wale ninaowajua. Binti anakaanga nami sambusa na mandazi tunayouza Jumamosi, na yeye ndiye mpiga hesabu wa unga, mafuta na faida. Mwezi uliopita alinionyesha kwamba sambusa za nyama tulikuwa tunaziuza kwa hasara. Jioni anamhoji baba yake maswali ya mtihani wa uraia. Mvulana amekuwa mtu wa ndege. Mwezi wa Februari tulimpeleka Middle Creek kuwaona bata bukini weupe wanaposhuka kupumzika wakielekea kaskazini, na tangu siku ile hana habari nyingine. Anachora mabawa, anapima, anajua wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Mdogo anacheza duka, anahesabu vifungo, na anadai hadithi mpaka koo linanikauka.

Sasa shida. Wiki iliyopita wilaya imeleta barua ya kukumbusha kwamba tathmini ya mwaka inatakiwa ifike ifikapo tarehe 30 Juni. Sina daftari la kumbukumbu. Sina mtathmini. Mvulana anatakiwa afanye mtihani wa darasa la 3, na ukweli ni kwamba kusoma bado. Maneno anayatambua, lakini ukurasa mzima unamshinda, ndiyo maana vitabu vya ndege ananiletea nimsomee mimi. Hilo sijamwambia mtu.

Mama mmoja ninayefahamiana naye anasema nikae usiku mmoja nijaze daftari la mwaka mzima. Wifi yangu aliye New Jersey anasema najisumbua bure, yeye anasomesha wanawe nyumbani na hajawahi kupeleka karatasi hata moja. Jirani yetu Mkongomani ameniita pembeni akaniambia nijihadhari, nchi hii watoto wanachukuliwa. Na mume wangu amesema neno lililonichoma: "Tumevuka bahari watoto wasome, wewe umewaachia wacheze." Mama mkwe naye kila Ijumaa anapiga simu kutoka Tanga kuuliza wajukuu wake wanaanza shule lini.

Nirudi kwenye meza na kengele? Nijaze daftari? Au nikubali nimeshindwa, niwarudishe?

Mama Watatu, Lancaster

*

Marahaba, Mama Watatu.

Unachokifanya kinaruhusiwa Pennsylvania. Niliseme hilo kwanza, maana barua yako yote imeandikwa na mtu anayejiona mkosaji. Elimu ya nyumbani katika jimbo hilo inaongozwa na Sheria namba 169 ya mwaka 1988, na ukiisoma mwanzo hadi mwisho hutakuta meza, kengele, wala mtaala wa kununua. Utakuta orodha ya masomo, siku 180 kwa mwaka au saa 900 (kuanzia darasa la 7 ni saa 990), daftari la kumbukumbu, sampuli za kazi za mtoto, mtihani katika darasa la 3, la 5 na la 8, na mtathmini wa kumhoji mtoto na kupitia kazi zake. Kipimo kinachowekwa ni kwamba mtoto aonyeshe maendeleo endelevu katika masomo yake kwa ujumla. Njia ya kufika hapo wameiacha mikononi mwako.

Kwa hiyo kengele usiirudishe. Lakini uhuru huo umewekewa masharti ya karatasi, na karatasi umeziacha. Tuzifuate moja moja, kuanzia ile ambayo wewe mwenyewe hukuitaja kuwa ni shida.

Kitinda mimba. Kwa miaka mingi Pennsylvania ilimlazimisha mtoto kusoma kuanzia miaka 8, na wazazi wengi bado wanaishi na hesabu hiyo. Tangu mwaka wa masomo wa 2020/21, umri wa lazima unaanzia miaka 6 na kuishia 18. Binti yako alitimiza 6 mwezi wa saba, kabla shule hazijafunguliwa, maana yake tangu wakati huo alitakiwa awe ameandikishwa shule au awe na hati yake ya elimu ya nyumbani. Leo hayupo kokote. Kaka yake na dada yake wamo ndani ya sheria, wamechelewa kumbukumbu tu. Huyu yuko nje, na hapo ndipo mtu mwenye nia mbaya au afisa mwenye bidii anapoweza kukushika.

Peleka hati yake wiki hii. Kwa notari, yule anayeshuhudia viapo, si lazima uende. Sheria inakubali pia tamko lisilo la kiapo, unalotia saini ukijua kwamba kusema uongo ndani yake ni kosa la jinai. Ambatanisha malengo yake, karatasi za chanjo na afya, na cheti chako kilekile walichokipokea mwaka jana, kwa kuwa msimamizi wa elimu ya nyumbani lazima awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Tuma kwa rejista ubaki na risiti, au ipeleke mwenyewe nakala yako igongwe muhuri. Tarehe iwe ya siku unayotia saini, usirudishe nyuma hata siku moja. Wakikuuliza kwa nini sasa, waambie ukweli, kwamba ulidhani umri wa lazima haujafika na ulipojua ulileta. Na ikitokea barua ya utoro imetangulia kabla hujapeleka, mwone wakili kwanza, usijibu peke yako.

Sasa daftari. Usilijaze usiku mmoja. Sheria inataka kumbukumbu ziandikwe wakati ule ule mtoto anapojifunza, kwa hiyo daftari la namna hiyo ni uongo mbele ya serikali. Zaidi ya hapo halitakusaidia, kwa sababu mtathmini hasomi daftari tu, anaongea na mtoto. Akimuuliza mwanao kuhusu kitabu ulichokibuni saa nane usiku, mtoto atamtazama tu. Na wanao wana macho, watajua kilichofanyika mezani pale.

Kesho asubuhi anza kuandika. Kwa miezi iliyopita, kusanya vitu vyenye tarehe zake vyenyewe: picha za simu, risiti za maktaba, jumbe za WhatsApp ulizowatumia ndugu kuwasimulia vituko vya watoto, michoro ya mabawa, lile daftari la sambusa. Vipange kwa mwezi. Juu yake andika bila kuficha kwamba huu ni muhtasari ulioandaliwa mwezi wa Aprili kutokana na picha na risiti, na mtathmini mweleze hivyo hivyo. Akiona ushahidi wa kweli uliopangwa vizuri na mama anayesema wazi alipopungukiwa, ana kitu cha kufanyia kazi.

Kuanzia sasa, andika baada ya tukio. Hii ndiyo siri ya familia zinazosomesha kwa njia yako. Shule inaandika andalio la somo kabla, nyinyi mnaishi siku yenu, kisha jioni unakaa dakika chache na kuigawa siku hiyo katika majina ya masomo yanayotambuliwa na sheria. Kwa shule ya msingi majina hayo ni Kiingereza (kusoma, kuandika, tahajia), hesabu, sayansi, jiografia, historia ya Marekani na ya Pennsylvania, uraia, usalama pamoja na kinga ya moto, afya, mazoezi ya mwili, muziki na sanaa. Si lazima kila somo liguswe kila siku.

Chukua siku ile ya Middle Creek. Kundi lililotua ziwani ni sayansi. Safari yao kurudi Aktiki ya Kanada ni jiografia, hasa akiionyesha kwenye ramani kwa kidole chake. Ukimwonyesha namna ya kukadiria kundi, kwamba unahesabu kumi, unaona kumi linavyojaza jicho, ndipo unakwenda mia, hiyo ni hesabu ambayo watafiti wa ndege wenyewe wanaitumia. Mabawa aliyoyachora ni sanaa, na mwendo mliotembea ni mazoezi. Kitabu cha ndege andika jina lake kamili, maana sheria inataka vitabu na maandishi yaliyotumika yatajwe kwa majina, na hata kile unachomsomea wewe kiandikwe. Siku moja, masomo sita, na mtoto hajui kama alikuwa darasani.

Biashara ya sambusa nayo ni utajiri. Binti yako yuko ngazi ya sekondari sasa, ambako sheria inataja hesabu za kawaida, aljebra na jiometri. Mtoto aliyegundua mwenyewe kwamba sambusa ya nyama inaleta hasara ameshafanya nusu ya aljebra kwa kichwa. Kaa naye, muulize: nyama ikipanda dola moja kwa ratili, sambusa iuzwe ngapi tusipoteze? Hiyo bei msiyoijua mwiteni x, aandike hesabu kwenye karatasi, na karatasi iingie kwenye jalada la kazi, yaani faili la sampuli atakalolipitia mtathmini. Usiibadilishe kuwa kipindi. Swali moja la kweli, kwa sababu kweli mnataka kujua, na mkimaliza endeleeni kukaanga.

Na hapo hapo jikoni pana somo ambalo sheria ya Pennsylvania inalisisitiza kuliko mengine, hatari za moto na namna ya kujikinga. Nyinyi mnakaanga kwa mafuta mengi, hivyo nakuomba ulifanye hili kwa moyo wote hata kama sheria isingelitaja. Watoto wote watatu wajue kwamba mafuta yakiwaka hayamwagiwi maji. Unazima jiko, unafunika sufuria kwa mfuniko, unaondoka. Wajue king'ora cha moshi kinavyolia, na mahali mtakapokutana nje mkitoka usiku. Fanyeni zoezi, andika tarehe, rudieni baada ya miezi kadhaa, andika tena.

Historia ya Pennsylvania mnaishi juu yake. Lancaster ilikuwa mji mkuu wa Marekani kwa siku moja, tarehe 27 Septemba 1777, wakati wajumbe wa Bunge walipokimbia Philadelphia kuwakwepa Waingereza. Mjini humo amezikwa Thaddeus Stevens, mbunge aliyepigana na utumwa maisha yake yote na ambaye mwaka 1835 alisimama katika bunge la jimbo kuitetea sheria ya shule za bure ilipotaka kufutwa. Alichagua kuzikwa katika makaburi madogo kwa sababu hayakubagua watu kwa rangi. Mpelekeni mvulana na dada yake wakasome maandishi ya kaburi lile. Kuhusu uraia sina la kuongeza; binti anayemhoji baba yake maswali ya serikali ya Marekani kila jioni anasoma uraia kuliko watoto wengi wa rika lake, andika tu. Muziki, ikiwa wanaimba kaswida au wanapiga ngoma nyumbani, tayari mnao.

Siku 180 zihesabu kwa kalenda ya ukutani. Siku waliyojifunza kitu weka alama, iwe Jumamosi ya sokoni au jioni ya Jumapili. Ile orodha ya malengo uliyonakili isikutie hofu, kwani sheria inamkataza mkuu wa elimu wa wilaya kuitumia kuamua kama unafuata sheria au la. Ya mwaka ujao andika mwenyewe, kwa maneno mapana yanayowafaa wanao.

Jambo moja linawahusu sisi watu wa lugha mbili. Katika hati ya kiapo ulitia saini kwamba masomo yanayotakiwa yanatolewa kwa Kiingereza. Haina maana mfunge Kiswahili kabatini. Ongeeni Kiswahili chenu, hadithi za kitinda mimba ziendelee kwa Kiswahili, ila hakikisha kila somo linapata vitabu, mazungumzo na maandishi ya Kiingereza pia, na jalada lionyeshe hivyo.

Mtathmini mtafute sasa hivi, ikifika Juni wote wameshajaa. Anaweza kuwa mwalimu mwenye leseni ya jimbo, mwanasaikolojia mwenye leseni, au mwalimu wa shule binafsi mwenye uzoefu unaotajwa na sheria; wewe na mumeo hamruhusiwi. Mzazi ndiye anayemchagua na kumlipa. Kabla hamjapatana muulize swali moja: ameshawahi kutathmini watoto wasiofuata mtaala? Akisita, shukuru, tafuta mwingine. Wapo wengi Pennsylvania wanaoielewa njia hii, na baadhi yao walilea wanao hivyo hivyo. Tangu Sheria namba 196 ya mwaka 2014, jalada la kazi halipelekwi wilayani tena. Linabaki kati yako na mtathmini, na wilaya inapokea cheti chake tu kwamba elimu inayofaa inatolewa.

Sasa mvulana. Umesema hujamwambia mtu, na nimeona uzito wa sentensi ile.

Mtihani wenyewe usikutishe. Sheria haina alama ya kufaulu. Unapima kusoma, lugha na hesabu, majibu yanakaa kwenye jalada anakoyaona mtathmini. Unachagua kutoka orodha ya jimbo, na humo mna mitihani anayofanyiwa mtoto mmoja mmoja kwa mazungumzo na mtu aliyesomea kazi hiyo, kama Woodcock-Johnson. Kwa mtoto wa namna yake hiyo ni bora kuliko kumfungia na kijitabu na penseli. Wewe na baba yake hamruhusiwi kumsimamia.

Kinachonigusa mimi ni kusoma. Watu wa njia yenu watakuambia watoto wengine husoma wakiwa na miaka 10 au 11 na wanashika kasi mara moja. Ni kweli, nimewaona. Lakini mwanao ana kiu ya vitabu vya ndege, anavileta kwa mikono yake, na bado ukurasa unamshinda. Mtoto asiyetaka kusoma na mtoto anayetaka asiweze ni watoto wawili tofauti, na huyu wa pili hangojwi. Lile tumbo la Jumatatu huenda lilianzia hapa. Mpeleke akapimwe macho, vizuri, si ule ubao wa herufi peke yake. Macho yakiwa salama, andikia wilaya barua ya kuomba apimwe kama ana ugumu wa kujifunza. Ni wajibu wao kumpima hata kama anasoma nyumbani, na haikulazimu umrudishe shule. Ujue tu kwamba wakithibitisha anahitaji elimu maalumu na ukataka kuendelea nyumbani, programu yake itabidi ipitishwe na mwalimu wa elimu maalumu mwenye leseni au mwanasaikolojia mwenye leseni. Si mlima, ni saini moja zaidi kila mwaka.

Wakati unasubiri, jaribu Kiswahili. Kiingereza kinaandikwa kwa njia inayomchanganya hata mwerevu, ila silabi zetu hazidanganyi: ba, be, bi, bo, bu, na inavyoandikwa ndivyo inavyosomwa. Nimeona watoto waliokwama kwenye Kiingereza wakifungukia kwenye Kiswahili, wakaonja raha ya kumaliza sentensi wenyewe, kisha wakarudi Kiingereza na ujasiri. Mwandikie sentensi fupi za bata bukini wake, mstari mmoja chini ya kila picha aliyochora. Akitengeneza kitabu chake cha ndege, kwa lugha zote mbili, hicho hicho ndicho sampuli ya kazi anayoitaka mtathmini. Na kumsomea usiache. Mzazi anayedhani akiacha kumsomea mtoto atalazimika kusoma mwenyewe, mara nyingi anamwondolea sababu ya kutaka.

Wifi yako anasema kweli kwa New Jersey, ambako mzazi hatakiwi kutoa taarifa yoyote. Ukivuka mto Delaware kuja Pennsylvania mambo yamebadilika. Hata Texas ni vingine, na New York wanataka ripoti nne kwa mwaka. Ushauri wa jimbo moja usiuvushe mpaka. Na kama mtu atakuambia masharti ya Pennsylvania yanaweza kupingwa mahakamani, familia kadhaa zilijaribu kwa hoja ya dini, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilizikatalia.

Mimi mwenyewe masharti haya sioni kama mzigo wa kuonewa. Kabla ya 1988 mzazi wa Pennsylvania alitegemea kibali cha mkuu wa elimu wa wilaya, na kila mkuu alikuwa na kipimo chake; huyu anakubali, wa jirani anakataa. Wazazi walikwenda mahakamani, mwaka ule wa 1988 jaji wa shirikisho akasema kanuni ile haieleweki kiasi cha kukiuka katiba, na sheria mnayoitumia ikatungwa. Daftari unaloliogopa ndilo lililochukua nafasi ya kibali cha mtu mmoja.

Hofu ya jirani yako naiheshimu. Waliopitia kambi za wakimbizi wameona serikali ikifanya mengi. Ila njia ya sheria hii iko wazi. Mkuu wa elimu akiwa na sababu ya msingi ya kudhani mtoto hapati elimu inayofaa, anaandika barua ya rejista kudai tathmini, na una siku 30. Ikishindikana, jambo linakwenda mbele ya msikilizaji asiyeegemea upande, naye anaweza kuagiza mpango wa kurekebisha au mtoto aandikishwe shule. Hapo ndipo njia hiyo inapoishia, kwenye shule. Ndiyo maana nimesisitiza hati ya mdogo, kwa sababu yeye hayuko kwenye njia hii mpaka uipeleke.

Mumeo usimjibu kwa maneno. Mtu anayefanya kazi ili wanawe wasome ana haki ya kuuliza wanasoma nini, na kwa mwaka mzima hajaonyeshwa kitu. Kila mwisho wa wiki mpe daftari alisome, aongeze ya kwake. Yeye ni mwalimu wa uraia katika nyumba hiyo bila kujijua. Liandike jina lake humo. Mwombe akae siku ya mtathmini, asikie watoto wakihojiwa. Akitaka ushahidi wa nje, Peter Gray, mwanasaikolojia wa Boston College, alichapisha na mwenzake mwaka 2013 utafiti wa familia 232 za namna hii, baadaye akawahoji watu wazima 75 waliolelewa hivyo, na wengi wao walikuwa wameendelea na masomo ya juu. Mwambie pia kwamba waliojibu ni wale waliojitolea kujibu, kwa hiyo si ahadi. Kinachomhusu ni watoto wake watatu.

Mama mkwe ametoka nchi ambayo sheria ya elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto wa miaka 7 awe shule, na mzazi asiyepeleka anaitwa kwa mtendaji. Anawaogopea. Mwambie wazi kwamba huku serikali inajua, karatasi zipo, na mtihani upo. Mpe mvulana simu Ijumaa amsimulie bibi yake habari za bata bukini, kwa Kiswahili.

Kuhusu kifungua mimba, mwakani atakuwa darasa la 8, atafanya mtihani wake. Kabla ya darasa la 9 kaeni naye mpange, kwa sababu diploma ya elimu ya nyumbani, inayotambuliwa na jimbo tangu 2014 ikisainiwa na msimamizi na mtathmini kwenye fomu ya serikali, inadai Kiingereza miaka minne, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii miaka mitatu mitatu, na sanaa na elimu ya utu miaka miwili. Uhuru wake unaweza kuendelea ndani ya hesabu hiyo. Na tangu mwaka wa masomo wa 2023/24, kwa Sheria namba 55 ya mwaka 2022, mwanafunzi wa nyumbani anaweza kusoma baadhi ya masomo katika shule ya wilaya yake hadi robo ya siku, bila kuacha elimu ya nyumbani, na mafunzo ya ufundi pia yamo. Muulize kama lipo analolitaka. Likiwepo, barua ya kuuliza utaratibu aiandike yeye mwenyewe, wewe utie saini, na nakala yake iingie kwenye jalada chini ya Kiingereza.